Kobe wa Jezi Namba Tano

"Kobe! Kobe wewe! Hata ngamia mwenye mimba anakushinda!"

Abdikafi, mwenyekiti wa klabu na mtangazaji wake, alizima kipaza sauti. Damu ilimchemka. Mwanamke yule wa nikabu nyeusi alianza kuja msimu huu, na katika mtaa mzima wa Iftin hakuna aliyemjua. Kila mechi alisimama kwenye kona ileile akimtukana mchezaji mmoja tu: Fathi, winga aliyetoka Mandera.

Na Fathi alikuwa na mbio za ajabu! Tangu klabu ianze raga ya ligi, ile ya watu kumi na watatu kila upande, ni wawili tu waliosifika kwa mbio: Guled "Umeme" na Noordin "Risasi". Majina hayo aliyabuni Abdikafi mwenyewe, akayatangaza mpaka mji ukayakariri. Guled sasa anatembea kwa fimbo. Noordin goti lilimtoka wiki ileile picha yake ilipobandikwa langoni. Ajali kazini, alisema Abdikafi, akaanza kutafuta mwingine wa kumpa jina.

Aliwahi kumuuliza Fathi, "Yule mwanamke unamjua?"

"Mwache tu, mwenyekiti," Fathi alijibu, akainamisha kichwa.

Upole gani huu wa kijinga! Leo ilikuwa fainali dhidi ya vijana wa Dagahaley, na Abdikafi hakuwa na subira tena. Alimwendea mwanamke yule mbiombio.

"Mama, toka! Mdomo wako unamvunja kijana."

"Mdomo yangu?" Macho yalimwaka. "Guled ilivunjwa na mdomo ya nani? Noordin je?"

"Toka hapa, hasidi mkubwa we!"

Walinzi wawili walimshika, naye akawa anatembea kinyumenyume, macho uwanjani. Alipofika langoni alipaza sauti.

"Basi sema mashallah! Ukimsifu, wallahi, sema mashallah, jicho mbaya isimpate!"

Abdikafi alikwisha kurudi kwenye kipaza sauti.

"Fathi! Umeme si kitu! Risasi si kitu! Hajazaliwa wa kumshika huyu!"

Uwanja ulilipuka. Fathi alidaka mpira, akampita wa kwanza, akampita wa pili, mbele yake pakabaki peupe. Trai, lile bao la raga, ilikuwa mkononi. Alipoikaribia ile kona akapunguza mwendo, akageuza kichwa, akatazama pembeni.

Beki wa Dagahaley alimvaa ubavuni. Mfupa ulivunjika kwa mlio uliosikika mpaka kwa waliokaa nyuma.

Abdikafi alifika akihema kwa hasira.

"Ulikuwa unatafuta nini pale, wewe? Nini?"

Fathi, mguu umepinda na machozi yanamtoka, alimkwida shati.

"Nani amefukuza mama yangu?"