Goti la Bi Mwanakombo

Sheria ilikuwa moja: mwanafunzi wa uhandisi hapewi malighafi chuoni. Achague kitu cha kwao, aseme kitayeyushwa au kitachongwa kiwe nini. Asiyechagua hufeli.

Bi Mwanakombo alikuwa amechoka. Muhula wa kwanza ilikwenda sufuria ya pilau, ikayeyushwa ikawa mpini wa pampu. Wa pili kikafuata kitanda cha mvule alichoachiwa na marehemu mumewe. Sasa akilala mkekani, na kuinuka alfajiri kuswali kulikuwa kazi.

Siku hiyo binti yake Raya alizunguka nyumba akigonga kila kitu kwa kidole, kama mama alivyomfundisha kugonga chungu sokoni kabla ya kukinunua.

"Safari hii wanataka nini, mwanangu?"

"Madini, mama. Mepesi, magumu, yasiyoshika kutu."

"Humu ndani? Labda uwagonge panya."

Raya alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye goti la mama, lile la bandia, la madini, alilowekewa hospitalini mwaka ule alipoanguka kisimani.

"Mwisho wa kuchagua lini?" mama aliuliza.

"Ijumaa." Raya akaketi karibu naye, akasema kwa upole, "Mama, hilo goti bado linakusumbua?"

Usiku kucha lilikuwa limemuuma. Bi Mwanakombo, asiyejua kusema uongo, alivuta kanga akalifunika.

"Halijaniuma hata siku moja," alisema, akashika tasbihi kumwomba Mola msamaha.