Meno ya Kisu cha Nguchiro

Enzi wanyama walipokuwa bado wanakwenda gulioni, Nguchiro, mpenda vipya, alinunua kisu cha kukunja. Nusu ya makali yake ilikuwa laini, nusu ina meno.

"Meno haya yatakata kamba ya mtego wowote," alijigamba kwa rafiki yake Kobe. Akamwachia kisu, akaenda kuoga mtoni.

Kobe hakuweza kukaa na kisu asikinoe. Alipoyaona yale meno, moyo ukamuuma. "Maskini mwenzangu, wamemuuzia kisu chenye mapengo!" Akalilowesha jiwe, akanoa na kunoa mpaka makali yote yakanyooka.

Nguchiro aliporudi alipiga yowe. "Kobe, umeniua! Meno yako wapi?"

"Nimeyaondoa, ndugu yangu. Hukuona yalivyomeguka?"

Nguchiro akageuka kwa hasira aende zake, mguu ukanasa kwenye mtego wa kamba ya katani. Mbwa wa wawindaji walikuwa wakibweka karibu.

"Nitakatia nini sasa, na meno umeshayasaga?" akalia.

Kobe akapitisha kisu mara moja tu. Kamba ikaanguka.

Wakiwa wamejibanza pangoni, Nguchiro alikitazama kisu kwa muda mrefu. "Kumbe meno," akasema, "ni ya kisu cha asiye na wa kumnolea."

Kesho yake akamletea Kobe na shoka, alinoe.