Toleo la Arobaini na Moja

Tangu mashabiki wa mchezo wa video wa Ruka-Ruka waruhusiwe kuchagua watu halisi wa mitaani wawe wahusika, chochote walichomwongezea mhusika, mwili wake ulikipokea kesho yake. Toleo la arobaini lilimpa Bi Shemsa uwezo wa kuruka mara mbili, ya pili akiwa bado hewani, na tangu hapo alishinda juu ya paa.

Mumewe, Mzee Makungu, alichoka kujipikia. Akajiunga na kundi la mashabiki kwenye simu, akaandika kwa adabu: "Wanangu, mpunguzieni mama yenu kuruka. Mimi nakaa tu hapa uani nikimngoja."

"Shikamoo, mzee," akajibu mmoja. "Jamani, anayekaa tu njiani bila kazi ni nani mchezoni?"

"Adui wa kukanyagwa utosini!" wakaandika wenzake, na kwa kura likapitishwa toleo jipya.

Asubuhi Mzee Makungu alijikuta anatembea uani, mlangoni hadi kisimani, kisimani hadi mlangoni, wala miguu haisikii amri. Bati likalia. Bi Shemsa alikuwa ukingoni mwa paa, amekunja magoti, macho kwenye kofia ya mumewe.

"Niwie radhi, baba Subira," alisema. "Hata miguu yangu hainisikii."