Matundu Yaliyozibwa

Mashavu alikuja kununua nyasi kavu, maana kiangazi kilishaingia na ng'ombe wake hawakuwa na chakula. Kizito, mwenye shamba, alimwonyesha ghala la kale la matofali. Waashi wa zamani waliacha matundu ukutani ili nyasi zipate hewa. Sasa yote yalikuwa yamezibwa kwa matofali mapya.

"Haya kayaziba nani?"

"Mimi, dada. Bundi walikuwa wananisumbua."

"Bundi anakula panya. Nani anamfukuza ghalani?"

Kizito akacheka. "Unanunua nyasi au unamposa bundi?"

Mashavu aliweka kiganja ukutani, upande ambao jua lilikuwa halijaufikia. Ukuta ulikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Alijua kwamba nyasi zikirundikwa mbichi huchemka zenyewe, hata kushika moto.

"Ziliingia zikiwa kavu?"

"Kavu kabisa."

"Basi fungua mlango."

"Ufunguo kaondoka nao mke wangu."

Tofali moja lilikuwa bado halijashika vizuri. Mashavu alilisukuma kwa viganja viwili, likaangukia ndani. Kizito alianza kurudi nyuma kabla uzi mwembamba wa moshi haujachungulia tunduni.