Mzimu wa Mke wa Kwanza

"Kosa ni la yule mke mpya," alisema Mektilda, akikigonga kitabu kwa kidole. "Unasumbuliwa na mzimu wa mke mwenzio, halafu unanyamaza? Angemfuata kaburini, wakaongea kike, yangekwisha."

Wanawake waliojaa kwenye chumba chake cha ushonaji, pale Bariadi mjini, waliangua kicheko. Kitabu kilikuwa cha zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na wote walikuwa wamekisoma: mke aliyekufa anarudi kila jioni kukalia kiti chake, mpaka mke wa pili anakonda kama ufito. Shija alimlaumu mume. Violeth akasema mzimu haukuwa na kosa, ulirudi kwake.

Nyanjige peke yake hakucheka. Yeye naye aliolewa na mgane.

Jioni, wakati wa kula, alimsimulia mumewe hadithi yote. Mabula alikuwa mchovu. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, msimu ulikuwa unammeza. Leo Meatu, kesho Itilima.

"Salu hapendi hadithi za namna hiyo," alisema, akimega ugali.

Hapendi. Si hakupenda. Nyanjige alihisi kama amemeza kaa la moto. Huu ni mwaka wa pili tangu padri awafungishe ndoa, na marehemu mke wa kwanza bado anapenda na kuchukia ndani ya nyumba yake! Mke mwenza aliye hai ungemwona akinuna, akizeeka, akizidisha chumvi. Salu hakosei kitu.

"Nipeleke nikalione kaburi lake."

Tonge likasimama njiani. "La nini? Mtu akishazikwa, amezikwa. Na hicho kitabu kirudishe kwa mwenyewe."

Anamlinda, aliwaza Nyanjige. Hataki nimguse hata akiwa udongoni.

Mabula akaaga kwamba anakwenda kununua pamba Lingeka. Nyanjige alisubiri mpaka siku ya mnada, akapanda lori la wachuuzi wa ng'ombe hadi Nkololo, kwao Salu, mshumaa umefungwa kwenye pindo la kanga. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake: Ulimpata akiwa kijana, mama. Uzee wake niachie mimi.

Aliulizia nyumbani kwa wazazi wa Salu. Watu wakamwelekeza huku wakiswaga ng'ombe wao.

Uani alimkuta mwanamke anachambua pamba, mtoto mchanga amelala mgongoni. Mwanamke aliinuka, akamsogezea kigoda, akamletea maji ya kunywa kwenye kibuyu.

"Mwadila, mayu," Nyanjige alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila. Umetoka mbali?"

"Bariadi. Mimi ni mke wa Mabula, yule mnunuzi wa pamba." Alikuwa amekuja kwa jambo moja tu. "Nimekuja kuliona kaburi la Salu."

Mikono ya mwanamke ikatulia juu ya pamba. Alimtazama mgeni wake tangu viatu hadi kitambaa cha kichwani, kisha akamtoa mtoto mgongoni, akampakata.

"Salu ni mimi," alisema. "Na Mabula ametoka hapa leo asubuhi."