Mafuta ya Kushushia Meli

Shamte alipiga magoti akapaka mafuta ya kondoo kwenye reli za kushushia meli, taratibu, kwa kiganja, kama walivyofanya miaka yote kiwanda chao cha meli kilipokuwa kikiulisha mji mzima. Juu yake ilisimama meli ya doria waliyoiunda wenyewe ili iwafukuze wageni waliokuwa wakivua bila kibali. Serikali ilikuwa imeiuza kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu kabla haijafungwa injini.

"Mzee, unajisumbua bure," nahodha wa boti ya kuvuta alimwambia. "Hii inakwenda kukatwakatwa. Ikikwaruzika nani atajali?"

"Huko mtaikata," Shamte alijibu bila kuinua uso. "Hapa itashuka kama meli."

Mkewe, Chausiku, alimsogezea sufuria. Yeye ndiye aliyeyayeyusha mafuta hayo asubuhi, na hakuwa amemuuliza lolote.

Kabari zilizoizuia meli zikagongwa zikatoka. Meli ikateleza, ikaingia majini bila kishindo, ikaelea vizuri, haikuinama upande wowote. Mwanamke mmoja akaanza kupiga kigelegele kwa mazoea, halafu akajiziba mdomo.

Boti ikaivuta hadi nje ya ghuba, kwenye meli za kigeni zilizokuwa zikivua mchana kweupe. Shamte alisimama, mafuta yamemganda mikononi, akaitazama ikipita katikati ya meli hizo. Moja ilipiga honi ya salamu. Hakuna hata moja iliyohangaika kupandisha nyavu.