Kanga ya Kwenye Kona

"Hupita kwangu mara moja kwa mwaka, hashuki, hanywi hata maji, na bado namwita mwanangu. Ni nani huyo?" Bi Nyanzala aliuliza, akimenya viazi mlangoni.

"Si Shadraka wako, dereva wa mbio za magari!" jirani yake Mashavu alicheka. "Bibi, umerogwa wewe. Magari yote yale, kwa nini yeye tu?"

"Yeye hunipigia honi. Wenzake hunipigia vumbi."

Kila mwaka Bi Nyanzala alifunga kanga nyekundu kwenye mti ulio kabla ya kona, pale barabara inapopinda ghafla na chini ni bonde. Shadraka aliwahi kusema redioni kwamba hapo hamsikilizi hata msoma ramani anayekaa kando yake. Akiiona kanga ya bibi, anakanyaga breki. Siku aliyoyasikia hayo, bibi alishindwa kula kwa furaha.

Mngurumo ulisikika nyuma ya kilima. Watu wakapiga vigelegele.

"Leo ataiona vizuri," Mashavu alisema. "Ilikuwa imefichwa na majani, nikakuhamishia asubuhi. Nimeifunga kwenye mti wa mbele, pale konani penyewe, ukingoni kabisa mwa bonde."

Kisu kilimtoka bibi mkononi. Alikimbilia barabarani akifungua kanga ya kiunoni, akaipunga juu kwa mikono miwili.

Ilikuwa ya bluu.

Gari likatokea kilimani bila kupunguza kasi. Honi ikalia, ndefu na ya uchangamfu, kama ya mtu anayefika nyumbani.